Namba 1,234,567,890: jinsi ya kuichambua kwa kalamu na kikokotoo cha tarakimu nane

Namba hii kila mtu anaijua kwa macho, maana ndiyo mstari wa tarakimu ulioko juu ya kibodi. Ukiisoma ni bilioni moja, milioni mia mbili thelathini na nne, laki tano na elfu sitini na saba, mia nane na tisini. Hapa tutatafuta vigawo vyake tasa vyote, kisha tutahesabu ina vigawo vingapi, jumla yake ni ngapi, na sifa nyingine chache zenye faida. Utaratibu huu unafaa kwa namba yoyote ya ukubwa huo. Hii imechaguliwa kwa sababu moja: ukiishika kwa kugawa tu utahangaika nayo mchana kutwa, na ukiishika vizuri inafunguka kwenye jaribio la kwanza.

Andaa karatasi, kalamu, kikokotoo cha kawaida cha tarakimu nane, na orodha ya namba tasa hadi 61, ambazo ni kumi na nane tu: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61.

Hatua ya 1: ondoa vigawo vinavyoonekana kwa macho

Namba inaishia na 0, kwa hiyo inagawanyika kwa 10, yaani kwa 2 na kwa 5. Je, kuna 2 nyingine ndani? Tazama tarakimu mbili za mwisho, 90. Hazigawanyiki kwa 4, basi 2 ni moja tu. Hazigawanyiki kwa 25 pia, basi na 5 ni moja tu. Futa sifuri, zinabaki 123,456,789.

Sasa jumlisha tarakimu: 1+2+3+4+5+6+7+8+9 = 45. Jumla inagawanyika kwa 9, kwa hiyo na namba yenyewe inagawanyika kwa 9. Tarakimu hizi kumi ukizipanga kwa mpangilio wowote jumla inabaki 45, hivyo namba zote 3,265,920 zenye tarakimu kumi zinazotumia kila tarakimu mara moja, bila kuanza na 0, zinagawanyika kwa 9. Usipoteze muda kutafuta iliyo tasa miongoni mwake; haipo.

Kikokotoo cha tarakimu nane hakiwezi kubeba 123,456,789, kwa hiyo gawa kwa 9 kwa mkono: 12 kwa 9 ni 1 baki 3, 33 ni 3 baki 6, 64 ni 7 baki 1, 15 ni 1 baki 6, 66 ni 7 baki 3, 37 ni 4 baki 1, 18 ni 2 baki 0, 9 ni 1. Jibu ni 13,717,421, tarakimu nane kamili, na kuanzia hapa kikokotoo kinatosha.

Wengi huteleza hapa kwa kudhani kanuni ya kujumlisha tarakimu inaendelea hadi 27. Haiendelei. Chukua 1,899: jumla ya tarakimu zake ni 27, lakini ukiigawa kwa 27 inabaki 9. Kanuni inafanya kazi kwa 3 na 9 peke yake. Ukitaka kujua kama kuna 3 ya tatu, gawa kwanza kwa 9, kisha jumlisha tarakimu za jibu: 1+3+7+1+7+4+2+1 = 26. Haigawanyiki kwa 3. Basi 3 ni mbili tu, na tumefika hapa:

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 13,717,421

Hatua ya 2: pima 7, 11, 13, 37 na 101 kwa makundi

Usizijaribu moja moja. Kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1,001, kata namba katika makundi ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha toa na ujumlishe kwa kupokezana: 421 − 717 + 13 = −283. Alama ya kutoa ipuuze. Gawa 283: kwa 7 inabaki 3, kwa 11 inabaki 8, kwa 13 inabaki 10. Zote tatu zimeondoka kwa hesabu moja.

Makundi hayohayo ukiyajumlisha yote unapima 37, kwa sababu 999 = 27 × 37. Hapa 421 + 717 + 13 = 1,151; jumlisha tena makundi, 1 + 151 = 152; 152 kwa 37 inabaki 4. Na 101 hupimwa kwa makundi ya tarakimu mbili, kwa kupokezana pia: 21 − 74 + 71 − 13 = 5. Haimo.

Zinabaki 17, 19 na 23 za kugawa kwa kikokotoo. Ili kupata baki, gawa, chukua sehemu nzima tu ya jibu, izidishe tena kwa kigawo, kisha toa. Kwa 17: kikokotoo kinaonyesha 806907.11; zidisha 806,907 × 17 = 13,717,419; baki ni 2. Usichukue 0.11 ukaizidisha kwa 17, maana utapata 1.87 na kuanza kujiuliza baki ni 1 au 2. Kwa 19 baki ni 10, kwa 23 ni 14.

Hatua ya 3: amua kama utaendelea kugawa au utabadili njia

Kipeuo cha pili cha 13,717,421 kiko kati ya 3,703 na 3,704. Ukiendelea kugawa tu, itabidi ujaribu kila namba tasa hadi 3,703, na hizo ni 517. Kigawo cha kwanza utakachokutana nacho ni tasa ya 504 kwenye orodha. Hata anayegawa haraka atachoka kabla ya kufika.

Njia nyingine ni ya Mfaransa Pierre de Fermat. Katika barua ya mwaka 1643 aliichambua 2,027,651,281 kwa majaribio 12, akapata 44,021 × 46,061. Wazo lake: namba witiri yoyote inayozalishwa na vigawo viwili inaweza kuandikwa kama tofauti ya miraba miwili, a² − b², na tofauti hiyo ni sawa na (a − b) × (a + b). Ukipata a na b, vigawo unavyo. Kadiri vigawo viwili vinavyokaribiana, ndivyo a inavyokuwa karibu na kipeuo cha pili cha namba, na ndivyo unavyofika haraka.

Anza na namba nzima iliyo juu ya kipeuo, yaani 3,704. Ukianza na 3,703 utapata jibu hasi, na mraba hasi haupo.

3,704² = 13,719,616. Toa 13,717,421, inabaki 2,195. Je, 2,195 ni mraba kamili? Mraba unaoishia na 5 lazima uishie na 25. Huu unaishia na 95. Hapana.

3,705² huhitaji kikokotoo: namba inayoishia na 5, zidisha sehemu ya mbele kwa inayoifuata, 370 × 371 = 137,270, kisha bandika 25 mwishoni: 13,727,025. Toa 13,717,421, inabaki 9,604. Na 98² = 9,604.

Basi a = 3,705 na b = 98. Vigawo ni 3,705 − 98 = 3,607 na 3,705 + 98 = 3,803.

Kuna mbinu mbili za kupunguza kazi kwenye hatua hii, na kwa namba ngumu zaidi ndizo zinazookoa siku. Kwanza, huna haja ya kutafuta mraba upya kila mara. Ukitoka 3,704 kwenda 3,705, tofauti inaongezeka kwa 3,704 + 3,705 = 7,409. Na kweli 2,195 + 7,409 = 9,604. Ukitoka 3,705 kwenda 3,706 ungeongeza 7,411, kisha 7,413, mbilimbili hivyohivyo.

Pili, baadhi ya a unaweza kuziruka bila kuzigusa. Namba 13,717,421 ikigawanywa kwa 4 inabaki 1 (tazama 21 ya mwisho), na ikiwa hivyo a lazima iwe witiri. Ingebaki 3, a ingekuwa shufwa. Ikigawanywa kwa 3 inabaki 2, na miraba ikigawanywa kwa 3 hubakiza 0 au 1 tu, kwa hiyo njia pekee ya kupata 2 ni a² kubakiza 0 na b² kubakiza 1. Yaani a inagawanyika kwa 3. Namba ya kwanza juu ya kipeuo iliyo witiri na inayogawanyika kwa 3 ni 3,705 yenyewe, zinazofuata ni 3,711, 3,717 na kadhalika. Kwa hiyo 3,704 haikuwa na haja ya kujaribiwa hata kidogo.

Kwa kuchuja majibu haraka, kumbuka kwamba mraba kamili huishia na mojawapo tu ya hizi: 00, 01, 04, 09, 16, 21, 24, 25, 29, 36, 41, 44, 49, 56, 61, 64, 69, 76, 81, 84, 89, 96. Nyingine zote zitupe bila kutafuta kipeuo.

Kosa kubwa linalofanywa kwenye njia hii ni kuianza na namba shufwa kabla ya kuondoa 2. Namba inayogawanyika kwa 2 lakini si kwa 4 haiwezi kamwe kuwa tofauti ya miraba miwili: miraba ikigawanywa kwa 4 hubakiza 0 au 1, na tofauti yake haiwezi kubakiza 2. Ukiiingiza 1,234,567,890 nzimanzima kwenye njia hii utahesabu hadi uzeeke. Programu ya kompyuta iliyoandikwa bila kuangalia hilo haitasimama yenyewe.

Hatua ya 4: thibitisha kwamba 3,607 na 3,803 ni tasa

Usiziamini kwa sababu tu zinaonekana ngumu. Kipeuo cha pili cha 3,607 ni zaidi kidogo ya 60, cha 3,803 ni kama 61.7. Tungetakiwa kujaribu tasa zote hadi 59 na 61. Lakini zile tulizokwisha kuziondoa kwenye 13,717,421 (2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23 na 37) haziwezi kugawa kigawo chake, kwa hiyo zinabaki chache:

| Gawa kwa | Baki ya 3,607 | Baki ya 3,803 |
|---|---|---|
| 29 | 11 | 4 |
| 31 | 11 | 21 |
| 41 | 40 | 31 |
| 43 | 38 | 19 |
| 47 | 35 | 43 |
| 53 | 3 | 40 |
| 59 | 8 | 27 |
| 61 | – | 21 |

Hakuna sifuri. Zote mbili ni tasa. (Baki ya 11 kujirudia kwa 29 na 31 si kosa la kunakili: 29 × 31 = 899, na 4 × 899 = 3,596, pungufu ya 3,607 kwa 11.)

Jibu kamili:

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803

Hatua ya 5: hakiki

Kagua kwa kutoa tisa. Jumlisha tarakimu hadi ibaki moja: 3,607 inatoa 16, kisha 7; 3,803 inatoa 14, kisha 5; 7 × 5 = 35, kisha 8. Upande wa pili, 13,717,421 inatoa 26, kisha 8. Zinalingana. Ila ukaguzi huu hauoni tarakimu zilizopishana nafasi: ukiandika 3,067 badala ya 3,607 utapita tu. Kwa hiyo kagua na kwa 11 pia, ukitoa na kujumlisha tarakimu kwa kupokezana kuanzia kulia. 3,607: 7 − 0 + 6 − 3 = 10. 3,803: 3 − 0 + 8 − 3 = 8. Zao 80 kwa 11 linabaki 3. 13,717,421: 1 − 2 + 4 − 7 + 1 − 7 + 3 − 1 = −8, ongeza 11, ni 3. Sawa.

Mwenye kompyuta ya Linux aandike `factor 1234567890` kwenye tamino (dirisha la kuandikia amri) na atajibiwa papo hapo: 2 3 3 5 3607 3803.

Hatua ya 6: vigawo vyote na jumla yake

Chukua kila kipeo (mara ambazo kila tasa imetokea), ongeza 1, zidisha zote: 2 × 3 × 2 × 2 × 2 = 48. Hiyo ndiyo idadi ya vigawo, ukihesabu 1 na namba yenyewe.

Kuviandika vyote bila kusahau, anza na vigawo 12 vya 90: 1, 2, 3, 5, 6, 9, 10, 15, 18, 30, 45, 90. Safu ya pili zizidishe hizo kwa 3,607, ya tatu kwa 3,803, ya nne kwa 13,717,421. Safu nne za 12, ni 48. Jozi inayokaribiana kuliko zote ni 34,227 × 36,070, yaani 9 × 3,803 na 10 × 3,607.

Jumla ya vigawo hupatikana kwa mabano, bila kuvijumlisha kimoja kimoja:

(1+2) × (1+3+9) × (1+5) × (1+3,607) × (1+3,803)
= 3 × 13 × 6 × 3,608 × 3,804
= 234 × 13,724,832
= 3,211,610,688

Hapa watu husahau mabano ya 3² yanatakiwa kuwa na 1+3+9, si 1+9. Ukitoa namba yenyewe, vigawo vilivyobaki vina jumla ya 1,977,042,798, ambayo inaizidi 1,234,567,890 kwa 742,474,908. Hilo lilitarajiwa: jumla ya vigawo vya 90 pekee ni 234, mara 2.6 ya 90, na vigawo viwili vikubwa haviongezi uwiano huo ila kidogo sana.

Ukitaka kujua ni namba ngapi kuanzia 1 hadi 1,234,567,890 ambazo hazina kigawo cha shirika nayo isipokuwa 1, toa 1 kwenye kila tasa, 3 ya pili iache kama ilivyo, kisha zidisha: 1 × (3 × 2) × 4 × 3,606 × 3,802 = 329,040,288. Ni zaidi kidogo ya robo.

Namba hii haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili pia. Kinachoamua ni tasa zinazobakiza 3 zikigawanywa kwa 4: kila moja lazima itokee mara shufwa. 3 imetokea mara mbili, hiyo haina tatizo. 3,607 na 3,803 zote zinabakiza 3, na kila moja imetokea mara moja.

Kwenye kompyuta

Kwa mfumo wa binari namba hii ni 1001001100101100000001011010010, biti 31, kwa hiyo inaingia kwenye nafasi ya kawaida ya biti 32 yenye alama (yaani inayobeba namba chanya na hasi), ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Jumla ya vigawo vyake haiingii. Programu yenye nafasi hiyo mara nyingi itakuonyesha −1,083,356,608, yaani 3,211,610,688 kutoa 4,294,967,296. Ukiona jumla ya vigawo ni hasi, usitafute kosa kwenye kanuni. Tumia biti 64.

Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC (saa rasmi ya dunia). Sekunde ya 1,234,567,890 ilikuwa 13 Februari 2009 saa 23:31:30 UTC. Kwa Afrika Mashariki ilikwishakuwa Jumamosi ya tarehe 14, saa nane usiku na dakika 31.

Njia ya miraba inapokwama

Njia ya Fermat ina nguvu pale tu vigawo vinapokaribiana. Ndiyo maana viwango vya Marekani vya kutengeneza funguo za RSA (mfumo wa kuficha ujumbe unaotegemea zao la tasa mbili kubwa) vinakataza tasa mbili zilizo karibu mno, na ndiyo maana mwaka 2022 funguo zilizotengenezwa na baadhi ya printa ziligundulika kuwa zinavunjika kwa hesabu hii ya karne ya 17: tasa zake mbili zilikaa karibu kupita kiasi.

Vigawo vikiwa mbali, hali hugeuka. Jaribu namba iliyopinduliwa, 987,654,321. Ni sawa na 8 × 123,456,789 + 9, kwa hiyo kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo mbili ni 9, na 3,607 wala 3,803 huwezi kuzikuta humo. Igawe kwa 9 upate 109,739,369. Ukiruka hatua ya 2 ukaenda moja kwa moja kwenye miraba, utaanzia 10,476 na kufika mwisho kwenye 190,005, na hizo ni hatua 179,530 kama huruki yoyote. Ukigawa kwa tasa ndogo kama ilivyoelezwa juu, 17 inaikata mara mbili mfululizo na inabaki 379,721. Hiyo ni tasa. Kuithibitisha kwa mkono itabidi ugawe kwa tasa zote hadi 616.